Mjomba wa Dirishani

Machimboni, 4 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ukiondoa mgongo, magoti, na kidole kimoja kilichobanwa na jiwe juzi. Vilivyobaki vyote viko salama. Shikamoo ya Mama mpe kwa mikono miwili. Shemeji fundi baiskeli msalimie, ila mwambie sijamsamehe kukuoa nikiwa mbali, maana ningemhoji kwanza.

Habari yako nimeipata kwa dereva wa lori. Injini inanguruma, yeye anapiga kelele: "Dada yako! Kilo moja na robo tatu!" Nikamuuliza, ya nini? Nilidhani umenitumia sukari. Akazima injini akasema, "Ya mtoto, mjinga wewe! Wa kiume!" Nikakaa chini juu ya kokoto.

Sasa huyu mjomba wangu ana haraka ya nini? Kabakiza wiki sita akaona hawezi kungoja. Hapa tumeshampa jina, anaitwa Punje. Mawe madogo kabisa yanayopita kwenye chekeche ndiyo tunayaita hivyo.

Nyapara ameniandika likizo ya Agosti, siku kumi. Miaka mitatu sijatoka hapa. Sitaki karamu wala nguo mpya. Nataka jambo moja tu, nimpakate huyo mtoto. Nimebeba mawe miaka mitatu, na mimi nibebe kitu kinachopumua.

Simu hapa haishiki mtandao mpaka upande kilimani, na nikishafika juu sina pumzi ya kuongea. Kwa hiyo niandikie. Dereva anapita kwenu kila baada ya wiki mbili. Mwandiko wangu uvumilie, darasa la tano ndilo lililoniacha, siyo mimi niliyeliacha.

Kaka yako

*

Nyumbani, 19 Mei

Kaka yangu, shikamoo.

Mama amejibu marahaba, na anauliza kama kidole kilichobanwa ni kile unachochokolea pua, ili ajue aanze kulia au angoje. Shemeji yako anasema hata ungekuwepo ungemhoji nini, wewe mwenyewe kuoa umeshindwa.

Punje (jina limeshaganda, hata Mama analitumia) ananyonya vizuri. Mchana kutwa namfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nesi alivyonifundisha. Nikikaa naye hivyo anapata joto langu, na nasikia kila pumzi anayovuta. Nimekuwa mlinzi wa pumzi, kaka. Nazihesabu hata nikiwa naongea na watu.

Nesi ameniambia wazi kwamba mapafu yake hayajakomaa. Mafua ambayo kwako ni siku tatu za kupenga kamasi, kwake yanaweza kushuka kifuani yakawa nimonia. Chanjo zake zote lazima apate kwa tarehe. Mpaka akue, nyumba hii ina sheria. Ukiingia unanawa mikono kwa sabuni. Hakuna kumbusu usoni wala mikononi, maana mikono yote inaishia mdomoni mwake. Mwenye mafua au kikohozi haingii, hata akiwa nani. Na kikohozi kikikushtukiza, usikohoe mkononi, kohoa kwenye kisigino.

Shemeji yako sigara anavutia barabarani, akirudi anabadilisha shati kabla ya kumgusa mtoto. Jana kaacha. Siyo kwa kupenda, mashati yalimwishia.

Mama ndiye mgumu. "Mimi nimewalea nyie na jiko la mkaa humu humu ndani, mmekufa?" Nikamwambia tulikuwa tunakohoa mpaka majirani wanatujua kwa sauti. Hajaniongelesha tangu juzi.

Kwa hiyo njoo Agosti, lakini njoo mzima.

Mdogo wako

*

Machimboni, 3 Juni

Mlinzi wa Pumzi,

Salamu zenu zimefika, na tusi la Mama pia limefika. Mwambie ni kidole kingine.

Sheria zako nimewasomea wenzangu bwenini. Za kunawa na za kubusu hazina shida, hapa hakuna wa kumbusu. Tumekwama kwenye kisigino. Mdogo wangu, nesi wenu amesomea wapi? Nimekaa kitandani nikavua kiatu. Nikashika mguu kwa mikono miwili nikauvuta. Goti likalia kama bawaba ya mlango. Nilipofika nusu ya safari kikohozi kikatoka chenyewe, kikampata mpishi usoni. Mpishi akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikamwambia namlinda mjomba wangu. Akasema, "Na mimi nani ananilinda?"

Ukazuka ubishi bwenini. Mchonga mawe akasema lazima ni kisigino kwa sababu ndiyo sehemu ya mwili iliyo mbali kuliko zote na mtoto uliyempakata. Tukaona ana akili. Mwenye kutega baruti akasema hapana, shida ni kwamba ukiwa umembeba mtoto na unainua mguu, mtoto ataanguka. Huyo naye tukaona ana akili. Mpaka tunakula hatujaelewana, na sasa watu wanne hapa wana misuli iliyochanika.

Uliza vizuri. Nina miezi miwili tu ya kufanya mazoezi.

Kaka yako

*

Nyumbani, 15 Juni

Kaka, shikamoo, na wote wenye misuli shikamooni.

Mama ameniongelesha! Barua yako ndiyo iliyotupatanisha. Nilimsomea akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisigino cha MKONO, kaka! Hapo mkono unapojikunja. Wewe unaita kiwiko, na mimi zamani niliita kiwiko. Nesi wetu katoka upande wanakosema kisigino, na kwa kumsikiliza kila wiki ameniambukiza maneno yake. Unakunja mkono, unaweka mdomo hapo kwenye kikunjo kwa ndani, unakohoa. Ni hivyo tu. Viatu vaeni.

Punje ana kilo tatu na nusu. Anakunja uso kabla ya kupiga chafya kama mzee anayetafuta miwani.

Sasa nijibu jambo moja. Barua yako inanuka dawa ya kuchua. Mama ameinusa akasema, "Huyu kifua kinambana." Na kile kikohozi kilichompata mpishi kilitoka wapi, kama ulikuwa mazoezini tu? Unakohoa, kaka? Tangu lini?

Mdogo wako

*

Machimboni, 30 Juni

Mdogo wangu,

Huku jua kali. Mpishi kanyoa ndevu, amefanana na yai. Mchonga mawe ameshinda ubishi wa nani anayekoroma sana, yaani tumekubaliana ni yeye. Msalimie Mama, msalimie shemeji asiye na sigara.

Kuhusu jiko, nina la kusema, maana vumbi na moshi ndiyo kazi yangu. Usibishane na Mama. Mwambie shemeji atoe matofali manne juu ya dirisha la jikoni, upande ule upepo unapotoka kwenda nje, siyo unapoingilia. Kisha aezeke kibanda kidogo nje, bati mbili zinatosha, aweke kiti kizuri chenye mgongo. Mama akishapata kiti chake penye upepo hutamrudisha ndani hata kwa kamba. Utasema jiko limehamishwa kwa ajili ya magoti yake. Usimtaje mtoto.

Harufu ni ya mgongo. Nimechora hapo chini namna bati zinavyokaa.

Kaka yako

*

Nyumbani, 26 Julai

Kaka, shikamoo.

Sote wazima. Kibanda kimejengwa, Mama hatoki humo, amekialika hadi kikundi chake. Punje mzima. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na shughuli kidogo.

Karatasi zimeisha, nimeandika kwenye hii iliyokuwa karibu. Tutaongea ukija.

Mdogo wako

*

Machimboni, 3 Agosti

Mdogo wangu,

Sisalimii mtu leo mpaka niseme.

Ukitaka kumficha mtu jambo, usimwandikie nyuma ya karatasi ya hospitali. Mimi kusoma kwangu ni kwa polepole, lakini nikishika karatasi nasoma pande zote mbili, ndivyo mwalimu alivyotuzoesha kwa uhaba wa karatasi. Upande wa pili pameandikwa: Wodi ya Watoto. Kitanda namba saba. Nimonia. Oksijeni siku tatu. Nimeusoma upande huo mara nyingi kuliko upande wako. "Shughuli kidogo"!

Siku niliyoisoma nilibeba mawe bila kujua nimebeba. Nyapara kaniuliza mara mbili kama nasikia.

Basi na mimi niseme langu, tuwe sawa. Nakohoa tangu Aprili. Sikusema kwa sababu ya ile sheria yako, mwenye kukohoa haingii. Niliona nikikwambia utanifungia mlango, nami sina likizo nyingine mpaka miaka mitatu ipite. Nikawaza, nitaficha, nitameza kikohozi siku kumi. Mtu mzima na ndevu zangu, nikapanga kumdanganya mlinzi wa pumzi ili nikamkohoe mtoto wa miezi mitatu. Baada ya kusoma ile karatasi niliona aibu hata kukaa na wenzangu.

Juzi nimepanda lori nikaenda hospitali. Daktari alishangaa: "Miezi minne! Wiki mbili tu zinatosha kumleta mtu hapa." Wamechukua makohozi, wamepiga picha ya kifua. Siyo kifua kikuu. Ni vumbi, na halimwambukizi mtu. Ameniandikia barua, nyapara akanihamishia kwenye mizani ya malori. Sasa kazi yangu ni kuketi na kusoma namba. Wenzangu wananiita Meneja.

Nieleze yote. Anapumuaje sasa? Na nani alimpelekea ugonjwa? Mama? Shemeji? Nitajie, nije nimshike sikio.

Kaka yako

*

Nyumbani, 11 Agosti

Kaka Meneja, shikamoo.

Anapumua vizuri. Naanza na hilo ili ukae. Tumetoka wodini tarehe ishirini na nne, dawa amemaliza, ananyonya kama anadai. Chanjo iliyokuwa imechelewa kapata Jumatatu. Mama mzima, shemeji yako mzima.

Nilijua kwa kifua. Nilimvua nguo nimwogeshe nikaona anapumua mbio mbio, na chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta. Nesi alikuwa ameniambia ukiona hivyo usingoje kesho wala usianze kutafuta dawa za majani, kimbia. Nikamfunga kifuani, shemeji yako akatupakia kwenye baiskeli ya mteja. Mteja alipokuja kuidai, Mama akamwambia iko hospitali. Akauliza, "Baiskeli inaumwa nini?"

Umetaka nimtaje aliyemletea. Mshike sikio basi. Ni mimi.

Nimewafukuza majirani. Shemeji yako nimemvua mashati. Mama nimemtoa jikoni kwake. Halafu mafua nikapata mimi, na nikajiambia ni vumbi tu la kufagia. Nikaendelea kumbeba, nikimpumulia utosini. Sikufunika mdomo wala sikunawa mikono zaidi ya kawaida. Kwangu sheria haikunihusu, maana mimi ni mama yake. Nilivyomwambia nesi, hakunigombeza. Alisema mama mwenye mafua haachi kunyonyesha, anafunika pua na mdomo, ananawa, ananyonyesha. Kumbe nisingenyimwa mtoto. Nilikuwa naogopa nikisema nina mafua watanipokonya.

Ndiyo maana sikukuandikia. Nisingeweza kuandika ile sheria tena kwa mkono huu huu.

Njoo. Mlango uko wazi. Vumbi lako halina neno.

Mdogo wako

*

Chumba cha uani, hatua kumi na moja kutoka mlango wako, 21 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu za mbali. Huku tulipo hali ya hewa ni kama ya kwenu. Mama, ambaye ni posta, anatangaza kwamba hatarudi na barua nyingine kabla ya chai.

Ulisikia nilivyoita getini kisha nikaacha kuingia. Siyo vumbi. Dereva wa lori amepiga chafya njia nzima, siku moja na nusu, na madirisha amefunga anasema upepo unamtoa machozi. Nilimwelekeza habari ya kisigino akaniangalia kama mwendawazimu. Asubuhi hii nimeamka pua imeziba, koo linawasha, na mwili una joto. Nimefika getini, nimesikia mtoto analia ndani. Sijawahi kusikia sauti yake. Miguu ikataka kwenda. Nikaiambia isubiri.

Acha nikae huku. Mafua hayamalizi siku kumi.

Kaka yako

*

Dirishani, 21 Agosti, baada ya chai

Kaka, shikamoo.

Nilikuona ukisimama pale getini na begi. Sikutoka kwa sababu ningelia, na Punje akiniona nalia naye analia, ingekuwa msiba.

Sikia. Dirisha letu kubwa linatazama uani. Nesi amenipa barakoa, Mama anakuletea pamoja na chakula. Vaa, njoo usimame pale penye ndoo, hatua nne, nje penye hewa. Mimi nitamshika kwa ndani. Mwoneshe hayo macho yako.

Mdogo wako

*

Chumba cha uani, 25 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anasema amechoka kuwa posta, anataka sare.

Nimeshamwona mara kumi na saba. Kichwa chake kimefanana na changu, mpe pole. Siku ya kwanza alinitazama kama askari anayesoma kitambulisho. Mtu nusu uso umefungwa, utamchekesha na nini? Nimebaki na nyusi na masikio. Unakumbuka nilivyokuwa nachezesha masikio darasani mpaka mwalimu akanitoa nje? Ndiyo elimu pekee iliyonifaa. Jana asubuhi sikio la kushoto limecheza, akafungua kinywa chote kisicho na jino hata moja, akacheka. Nikasahau nimesimama wapi, nikaingia kwenye ndoo.

Homa imeondoka. Kikohozi bado.

Kaka yako

*

Chumba cha uani, 30 Agosti, asubuhi

Mdogo wangu,

Nikishaondoka Mama atakupa hii.

Jana uliniambia nimbebe dakika moja. Ulisema homa haipo siku nne, nimevaa barakoa, nimenawa, nesi mwenyewe angekuwepo huenda angekubali. Ulikuwa umeshafungua mlango. Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana. Nikafika kizingitini, nikanyoosha mikono, na kifua kikawasha. Uliona nilivyogeuka nikakimbilia bombani. Nilikohoa pale mpaka nikashika ukuta. Uliponiita sikurudi. Ulidhani nimekasirika.

Sikukasirika. Nilikumbuka ile karatasi, upande wa pili. Nikajiuliza nikimbeba leo, kule machimboni nitalala vipi nikingoja barua yako? Wiki mbili nitakuwa nahesabu pumzi za mtoto nisiyemwona. Wewe angalau unaziona.

Kwa hiyo nimechukua nyusi na masikio yangu nimeondoka. Dereva amepona, madirisha nitafungua mimi.

Kaka yako

*

Nyumbani, 26 Septemba

Kaka, shikamoo.

Mama mzima, amepewa sare: shemeji yako kamshonea mfuko wa barua kwa tyubu ya baiskeli. Punje hajakohoa hata mara moja tangu uondoke. Nilingoja karibu wiki nne kabla ya kuandika sentensi hiyo.

Nikwambie kilichotokea kliniki. Sasa Punje anajua watu. Akibebwa na mgeni analia mpaka anabadilika rangi, hata shangazi yake, dada wa shemeji yako, amenuna kwa sababu hiyo. Jana tulienda kupima uzito. Nesi wetu yuko likizo, yupo mwingine mgeni kabisa, mwanamke mrefu, naye amevaa barakoa kwa sababu ya mafua ya msimu. Nikamwonya, "Huyu atapiga kelele." Akasogea kumchukua. Punje akamtazama, akamkazia macho. Halafu akaanza kurusha mikono na miguu yote, anacheka peke yake, akamwendea. Akalaza kichwa begani pake kaka, akatulia. Nesi akashangaa: "Mbona umesema analia?"

Baadaye nikaona anayatazama masikio ya nesi, anangoja.

Kilo sita na nusu.

Mdogo wako

*

Machimboni, 8 Oktoba

Mdogo wangu,

Mimi mzima kabisa, hata kidole. Wasalimie wote, na Mama hongera kwa mfuko.

Barua yako nimeisoma mizanini. Malori matatu yamepita bila kupimwa, nyapara kaja juu, nikampa asome. Kaisoma, kaondoka, mwisho nikamsikia huko nyuma anajaribu masikio yake.

Huyo nesi mgeni mwambie asijivune. Kile kichwa kililazwa pale kwa makosa, bega lililokusudiwa liko huku. Lakini mwambie pia sina kinyongo naye. Akimwona tena kliniki, ampokee, ambebe vizuri, amshike na shingo. Anitunzie mpaka nije.

Mjomba wake